Vyungu Vidogo vya Carthage

Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa nia hiyo, sisi wazazi wawili na binti yetu wa miaka tisa tulipanda treni mjini Tunis kwenda Carthage, mji ulioanzishwa na Wafoinike kutoka Tyre, katika Lebanoni ya leo, na kubomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.).

Tulianzia ufukweni, kwenye magofu ya hamamu kubwa iliyojengwa na Warumi katika karne ya 2. Tulistaajabu, tukapita.

Kilichotusimamisha ni kiwanja kidogo kiitwacho Tophet, chenye mawe mafupi yaliyochorwa alama. Chini ya mawe kama hayo, tangu mwaka 1921, wachimbuaji wamekuta vyungu vingi vyenye mifupa iliyoungua ya watoto wachanga, na vingine vya wanakondoo.

“Baba, waliwachoma wazazi wao?” akauliza binti yetu.

Jibu jepesi lilikuwa mdomoni: walikuwa washirikina, waliwatoa kafara. Ndivyo walivyoandika baadhi ya Wagiriki na Warumi, na mawe yenyewe yanataja nadhiri kwa miungu Baal Hammon na Tanit. Wapo wataalamu wanaoafiki. Wengine wanasema hayo ni makaburi ya waliokufa mapema, kwani baadhi hawakutimiza hata miezi ya kuzaliwa.

Tulisita. Dini inayoharamisha kuua mtoto kwa kuhofia umaskini ndiyo hiyo hiyo inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kumtuhumu mtu. Tukamwambia: ikiwa walifanya, ni dhulma kubwa, ikiwa hawakufanya, tutakuwa tumewasingizia akina mama waliofiwa. Ajuaye ni Allah.

“Lakini watoto hawana kosa?”

“Hawana, mwanangu.”

Alasiri tuliswali katika Msikiti wa Zaytuna, Tunis. Nguzo zake nyingi zilitolewa katika magofu ya Carthage. Leo zinabeba paa la wenye kusujudu. Binti yetu aliipapasa moja, akanyamaza.

Wazazi wenzetu, mnapowaonyesha watoto athari za waliopita, msiwape jibu jepesi. Haki ya maiti haifutwi kwa kupita miaka elfu mbili.