Telefone Yenye Kucheza Sataranji, na Mizani ya Nguvu Yake



Vijana wawili wa kanisa letu, waliokuwa katika machimbo ya upande wa Mongbwalu, walinijia na habari ya mtu mmoja mwenye telefone. Mtu yule anakaa karibu na mahali pa kuuzia zahabu. Katika telefone yake kuna mchezo wa sataranji, ule wengi wetu tunauita kwa Kifaransa échecs. Unaweka feza, ukiishinda telefone, anakupa mara tatu, ukishindwa, feza yako imekwenda. Mchezo wa kwanza ni bure, na karibu kila mtu anashinda! Mmoja wao aliniambia, «Mchungaji, ile telefone inacheza sawa mtoto. Jana nilibakiza kidogo tu niikamate.» Alikuwa amekwisha kupoteza kazi ya majuma matatu, na mke wake alikuwa nyumbani akingojea feza ya kulipa nyumba.

Mimi nilijifunza mchezo huu katika chuo cha Biblia. Mwanafunzi mwenzetu mmoja kutoka Uganda alitufundisha jioni, tukicheza na vifuniko vya chupa. Kwa hiyo sikutaka kuwakemea tu. Ubaya wa kamari wanausikia kila mara. Nilitaka wajue wanacheza na nani.

Kumbe si wao wa kwanza kuweka feza kwa jambo hili. Mwaka 1968 David Levy, bingwa wa Scotland, aliwekeana feza na wataalamu wa kompyuta akisema kwamba kwa miaka 10 hakuna mashini itakayomshinda. Mwaka 1978, huko Toronto, alipambana na programu iliyoitwa Chess 4.7, akashinda kwa pointi 3.5 dhidi ya 1.5, akachukua feza yake. Lakini mwaka 1989 mashini nyingine, Deep Thought, ilimpiga michezo 4 kwa 4. Levy alikuwa mchezaji yule yule. Mashini ndizo zilizokua.

Basi, mtu anajuaje mashini ina nguvu kiasi gani? Nguvu ya mchezaji haiwekwi kwa kilo. Profesa mmoja wa fizikia huko Marekani, Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria, alitafuta njia, na shirika la sataranji la dunia, FIDE, liliikubali mwaka 1970. Kila mchezaji anapewa namba. Ukimzidi mwenzako kwa pointi 200, inategemewa utapata karibu robo tatu ya pointi mnazogombea. Ukimzidi kwa 400, utapata kama 10 katika kila 11. Ukimshinda anayekuzidi, namba yako inapanda sana. Ukimshinda mnyonge, inapanda kidogo tu.

Angalieni hapa, ninyi mnaojua mizani ya zahabu. Namba ile peke yake haisemi kitu, ni tofauti tu kati ya watu waliocheza pamoja. Ni kama wale wanunuzi wanaopima kwa vijiti vya kibiriti na makuta ya zamani: kijiti kinapima vizuri kama wote wawili mnakubaliana juu ya kijiti, lakini gramu yake hamtaijua mpaka mkilete kwenye mizani ya kweli.

Waswidi waliliona jambo hilo. Chama chao cha kompyuta za sataranji kilikuwa kikichezesha mashini na mashini na kuandika namba zake. Ili namba zile ziwe na maana kwa binadamu, walizifunga na michezo ambayo kompyuta zilicheza na watu wa Sweden katika mashindano, kati ya 1987 na 1991. Halafu miaka ikapita, mashini zikawa zinapimana zenyewe kwa zenyewe, na namba zikapaa kuliko ilivyofaa. Mwaka 2000 walikata pointi 100 kwa orodha nzima, siku moja. Mimi nawasifu kwa hilo. Ni wanunuzi wangapi wa kwetu watakubali kusahihisha mizani yao mbele ya watu?

Wengi wamesikia habari ya Deep Blue, ile kompyuta kubwa iliyomshinda bingwa Garry Kasparov huko New York mwaka 1997, kwa 3.5 dhidi ya 2.5. Iliangalia namna milioni 200 za mchezo kwa sekonde moja. Lakini kwa vijana wangu habari iliyowanyamazisha ni nyingine. Mwaka 2009, huko Buenos Aires, programu Pocket Fritz 4 iliingia katika mashindano ya watu ikiwa ndani ya telefone ya mkononi. Ilicheza michezo 10, ikashinda 9, ikatoka sare 1. Kwa mizani ya Elo, mchezo wake ulikuwa wa 2898. Namba ya juu kabisa ambayo mwanadamu amefikia ni 2882, ya Magnus Carlsen, mwaka 2014. Na telefone ile haikufikisha hata namna 20,000 kwa sekonde. Ilichagua vizuri mahali pa kuangalia, basi.

«Sasa mbona mara ya kwanza niliishinda?» akauliza yule kijana. Nikawaonyesha kwa telefone ya shemasi. Kuna mahali pa kuchagua kiwango. Ukikishusha, mashini inaangalia karibu tu, ao inaacha makusudi njia nzuri na kufuata mbaya. Ndiyo sababu inacheza hatua 10 kama bwana mkubwa, kisha inakutupia malkia bure. Mwenye telefone anasogeza kidole kimoja, na mtoto amekuwa jitu. Hukulikaribia hata siku moja. Kijana alinyamaza, kisha akasema, «Alikuwa anaishika chini ya koti.»

Hawakurudi kwake. Lakini hawakuacha mchezo, nami sikuwaomba waache. Niliwaambia habari ya Katwe, mtaa maskini wa Kampala, ambako Robert Katende alianza kufundisha watoto sataranji mwaka 2004 katika kazi ya misioni ya michezo. Mmoja wa watoto wale, Phiona Mutesi, alipata cheo cha FIDE mwaka 2012 huko Istanbul, akicheza na watu, mbele ya watu.

Sasa tuna daftari. Kila mtu alianza na 1200. Wenye namba sawa wakicheza, mshindi anachukua pointi 10 kwa mwenzake. Wa kwanza leo ni binti anayeuza mikate, ana 1290. Lakini 1290 ya Bunia ni ngapi kwa Kampala? Ni kijiti cha kibiriti, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyecheza na mtu aliyepimwa kule. Ana shangazi huko Kampala. Ameomba ruhusa kwa baba yake kumtembelea, na baba anahesabu feza ya njia.