Gumegume za Williamsburg

Msomaji wa Afrika Mashariki anapoisikia bunduki ya gumegume humkumbuka babu, au picha ya msafara wa kwenda Tabora na Ujiji: chuma chakavu kilichofungwa waya, kitako kilichopasuka, na mtu aliyejikunyata akiomba Mungu isimlipukie usoni. Picha hiyo ina ukweli wake. Bunduki nyingi zilizoshushwa Unguja katika karne ya 19, pamoja na mapipa ya baruti na majora ya merekani, zilikuwa za bei ya chini, zilizotengenezwa haraka kwa ajili ya soko la mbali. Lakini aliyeiona gumegume kwa njia hiyo tu hajaiona. Ningemshauri, akijaliwa nauli, aende Williamsburg, katika jimbo la Virginia, Marekani, akaangalie inavyozaliwa.

Mji wenyewe ni mdogo, na uzuri wake unaanzia hapo. Uko kilomita zipatazo 80 kusini-mashariki mwa Richmond, na treni inafika. Barabara yake kuu, Duke of Gloucester, ina urefu wa takribani maili moja. Magharibi inaanzia kwenye chuo cha William and Mary kilichoanzishwa mwaka 1693, mashariki inaishia kwenye jengo la Bunge la kikoloni. Mchana magari hayaruhusiwi humo. Unasikia kwato za farasi, mazungumzo ya watu waliovaa suruali za magotini, na kutoka uani, nyuma ya nyumba za mbao zilizopakwa chokaa, nyundo.

Williamsburg ulikuwa makao makuu ya Virginia kuanzia 1699 hadi 1780. Vita vya uhuru vilipopamba moto serikali ikahamia Richmond, na mji ukabaki bila kazi. Umaskini huo ndio uliouokoa, maana hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Mwaka 1926 kasisi W. A. R. Goodwin akamshawishi tajiri John D. Rockefeller Jr. agharimie ukarabati. Majengo zaidi ya 80 yaliyokuwa bado yamesimama yakatengenezwa, na mengine mengi yakainuliwa juu ya misingi iliyofukuliwa. Wapo wanaosema mji huu ni jukwaa la maigizo. Sibishani nao sana. Ila chuma kinachofuliwa humo ni chuma kweli, na anayekifua huungua kweli.

Kabla ya kwenda kwa mafundi, pita kwanza kwenye Ikulu ya Gavana. Jengo la asili liliungua mwaka 1781, na hili la sasa ni la miaka ya 1930. Ukumbi wake wa kuingilia umepambwa kwa silaha: bunduki na panga zimepangwa ukutani kwa mistari na duara, juu hadi karibu na dari. Mgeni wa karne ya 18 alisubiri hapo kuonana na mwakilishi wa mfalme, na alikuwa na muda wa kutosha kuelewa anaambiwa nini. Kisha rudi barabara kuu ulione ghala la silaha, jengo la matofali lenye pembe nane lililojengwa mwaka 1715. Alfajiri ya tarehe 21 Aprili 1775 askari wa majini waliotumwa na Gavana Dunmore walichukua humo mapipa 15 madogo ya baruti kwa siri. Wenyeji walipoamka wakajua wameibiwa, na Virginia ikasogea hatua moja karibu na vita.

Sasa karakana. Kinachokushangaza kwanza ni jinsi fundi mmoja anavyokusanya kazi za mtaa mzima. Ni mhunzi, seremala, msubi wa shaba, sonara na mchongaji, na kazi zote hizo zinakutana katika kitu kimoja unachoweza kukibeba begani.

Mtutu huanza kama bamba refu la chuma laini. Mhunzi hulikunja kuzunguka fimbo ya chuma, hulipaka mchanga au boraksi ili uchafu uyeyuke utoke, kisha hulitia motoni hadi liwe jeupe na kuanza kurusha cheche. Hapo ana sekunde chache tu. Hulitoa, huligonga juu ya fuawe, na kingo mbili hushikana zikawa kitu kimoja. Halafu hurudia tena, sentimita chache mbele. Mtutu wa bunduki ndefu ya Virginia hupita mita moja, kwa hiyo hesabu mwenyewe safari za kwenda motoni na kurudi. Kuna mtu wa mivukuto na mtu wa nyundo kubwa, na fundi mwenye nyundo ndogo anayeonyesha mahali pa kupiga. Hawasemi. Nyundo ndogo ikigonga ubavu wa fuawe, kubwa inasimama.

Baadaye mtutu hufungwa kwenye benchi na kutobolewa kwa keekee ndefu, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa nene kuliko iliyotangulia. Lakini chuma kilichopigwa kwa mkono hupinda. Fundi huvuta uzi ndani ya mtutu, huelekeza mdomo dirishani, na hutazama jinsi uzi unavyogusa ukuta wa ndani. Anapoona mwanga katikati ya uzi na chuma, hapo pamepinda. Anapaweka juu ya gogo, anapagonga kidogo, anatazama tena. Nilipewa nitazame. Niliona duara zuri na uzi uliolala sawasawa, nikatangaza kwamba mtutu umenyooka. Fundi akatabasamu kwa adabu, akaendelea kugonga.

Inafuata mifuo, ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi ili iende mbali bila kuyumba. Wajerumani waliokuja Pennsylvania ndio walioleta ujuzi huo, na ukashuka pamoja na wahamiaji hadi bonde la Shenandoah. Chombo chake ni gogo la mviringo lililochongwa mifereji ya mzunguko, na mbele yake fimbo yenye jino moja dogo la feleji. Fundi anapovuta na kusukuma, gogo linajizungusha, na jino linakwaruza chuma kwa kufuata mzunguko huohuo. Mara nyingi mifuo ni saba. Ikishapitiwa yote, kipande cha karatasi huwekwa chini ya jino ili linyanyuke kidogo, na kazi inaanza upya. Unasimama pale ukitazama unga mweusi wa chuma ukimwagika, unajiuliza dunia ya leo imetupa nini kwa kutuondolea kazi hii. Halafu unautazama mgongo wa fundi, na unapata jibu.

Mtambo ni habari nyingine. Una taya mbili zinazobana jiwe la gumegume, bamba la chuma lililosimama mbele yake, kisahani cha baruti chini, na ndani springi na vipande vidogo ambavyo kila kimoja kimepigwa tupa hadi kikae. Jiwe linapolipiga bamba, haliungui lenyewe. Linakwangua vijichembe vya chuma, navyo ndivyo vinavyowaka na kuangukia baruti. Ndiyo maana uso wa bamba sharti uwe mgumu. Fundi hulifungia katika sanduku pamoja na ngozi na mifupa iliyochomwa, hulitia motoni kwa saa kadhaa, kaboni ikaingia kwenye ngozi ya chuma, kisha hulizamisha majini. Springi ina mashaka yake. Hugumishwa kwa kuzimwa ghafla, halafu hupashwa moto polepole hadi rangi igeuke buluu. Ikitolewa mapema itavunjika, ikichelewa italegea.

Ukweli mmoja hausemwi sana na watalii hawauulizi: mafundi wa zamani wa mji huu hawakufanya yote haya kila siku. Mitambo mingi iliagizwa tayari kutoka Uingereza, na kazi kubwa ya karakana ilikuwa kukarabati. David na William Geddy, watoto wa fundi bunduki James Geddy, walipotangaza biashara yao katika gazeti la Virginia mwaka 1751, walijitangaza pia kama wafua visu na wasubi wa shaba. Mwaka 1969 ilipotoka filamu iliyomwonyesha fundi Wallace Gusler akitengeneza bunduki nzima mwenyewe, kutoka bamba la chuma hadi nakshi ya mwisho, alikuwa anafanya jambo ambalo wengi wa waliomtangulia wasingejisumbua nalo. Mimi naliona hilo kuwa sifa zaidi kwake.

Mbao ni za mti wa mepoli, zilizokaushwa kwa hewa kwa miaka, na zinazotafutwa ni zile ambazo nyuzi zake hazikunyooka. Zikiwa nyeupe hazina la kusema. Fundi huzipaka asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma, kisha hupitisha chuma cha moto karibu yake, na hapo rangi hugeuka, kahawia na wekundu, mawimbi yakijitokeza kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Mafuta ya kitani humalizia.

Kwenye nakshi nilikaa kuliko mahali pengine pote. Mtindo ni ule uliotoka Ufaransa na kuenea katikati ya karne ya 18: majani yaliyojikunja na mikunjo inayofukuzana, bila upande mmoja kulingana na mwingine. Fundi wa milango wa Lamu angekunja uso akiona jinsi ua linavyoanza kushoto na kukataa kurudi kulia, lakini angeutambua mkono mara moja. Nyuma ya mtambo, kwenye kitako, mbao huchimbwa ili majani yabaki yameinuka, na patasi hazipishani kwa zaidi ya unene wa kucha. Kwenye shaba na fedha kazi ni ya tindo ndogo yenye mpini wa mviringo unaokaa kiganjani. Kidole gumba ndiyo breki. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unageuza kipande juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, na mstari uliopinda unapatikana kwa kugeuza kazi huku tindo ikienda mbele. Ukiinua mkono kidogo, mstari unazama na kunenepa. Ukiushusha, unakonda hadi unapotea. Huko kunenepa na kukonda ndiko kunakolipa jani uhai. Kosa halifutiki. Unaweza kupiga tupa uso mzima wa shaba ukaanza upya, iwapo umebaki unene wa kutosha.

Lakini ni nani aliyevuta mivukuto? Kuelekea mapinduzi, zaidi ya nusu ya wakazi wa Williamsburg walikuwa Waafrika na watoto wao, wengi wao watumwa. Katika karakana ya serikali ya James Anderson, iliyohudumia jeshi wakati wa vita, watumwa walikuwa miongoni mwa wafanyakazi. Na sheria ya Virginia tangu 1680 ilikataza mtumwa kubeba bunduki, upanga, hata rungu. Mtu aliweza kuupasha moto mtutu kuanzia asubuhi hadi jioni, na kuuchukua nje ya mlango ikawa jinai. Mji huu ulichelewa kulisema hilo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 tu ndipo historia ya watu weusi ilipoanza kupewa wasimulizi wake. Siku hizi inasemwa waziwazi, barabarani, mbele ya watoto wa shule, na kwa hilo ninaupenda mji zaidi ya ninavyoupendea matofali yake.

Ukitaka kusikia sauti ya gumegume, ngoja maonyesho ya ufyatuaji. Sauti ni mbili: kwanza mwako wa kisahani, fuu, kisha mlipuko wa mtutu, na kati yake kuna nafasi ndogo ambayo mpigaji asiyezoea huitumia kufumba macho. Moshi mweupe wenye harufu ya kiberiti unasimama mbele yenu, na hakuna anayejua kama shabaha imepatikana mpaka upepo uamue.

Usiende Julai. Joto la Virginia wakati huo ni la Mombasa bila bahari, na kusimama karibu na tanuru kunakuwa toba. Nenda Januari au Februari, watalii wakiwa wachache na wahunzi wakiwa na muda wa kujibu maswali, halafu upite kwenye duka la mikate nyuma ya Raleigh Tavern ununue keki za tangawizi. Uliza mapema karakana zipi zimefunguliwa siku hiyo, kwani huwa zinapeana zamu. Na ukiingia kwa fundi bunduki, usianze kuuliza bei. Uliza springi ya ngapi hiyo aliyoishika.