Picha na Maneno Yake

Zamani katika nchi ya Japani walikuwako mafundi wa kupiga picha chapa kwa mbao. Mchoraji alichora picha juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliigandisha ubaoni, uso wake chini, akachonga pande zote mbili za kila mstari, hata mistari ikabaki imeinuka. Kwa hiyo herufi za ubaoni zilikaa kinyume, nazo zilisomeka sawasawa zilipokwisha kupigwa chapa. Tena kila rangi ilitaka ubao wake. Chapa za rangi nyingi zilianza kustawi mwaka 1765 katika mji wa Edo, ambao sasa huitwa Tokyo.

Vyama vya washairi viliagiza picha za namna hiyo, wapate kupeana zawadi za mwaka mpya. Mara nyingi alichorwa mmoja wa wale saba waletao bahati katika hadithi za kale za Japani. Mmoja wao ni Ebisu, mlinzi wa wavuvi: mtu mnene mwenye kucheka, ameshika ufito wa kuvulia, na samaki mkubwa yu kwapani. Kando yake liliandikwa shairi fupi. Picha ilivuta jicho, shairi likanena na moyo.

Mtoto wa Nangara, katika mji wa Babati, asidhani kwamba jambo hili ni la mbali. Akiwaona wavuvi wa Ziwa Babati wamerudi na samaki, ataijua furaha ya Ebisu. Kisha na amtazame mama yake. Kanga aliyojifunga ina pindo, ina mji, tena ina jina. Hizo nazo ni picha na maneno katika kitambaa kimoja. Hapo kwanza majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Na katika miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi za Afrika Mashariki zilipigwa chapa huko huko Japani, na maneno yake ni ya Kiswahili.

Basi, kanga hunena. Kijana aweza kumnunulia shangazi yake kanga kwa kupenda rangi zake tu. Maneno yakiwa ya masimango, shangazi hatauliza habari za rangi. Atasoma, naye ataumia, na undugu utapoa.

Tena wako akina mama wasiojua kusoma. Mama wa namna hiyo husimama dukani, akamwuliza mwanawe, “Imeandikwaje, mwanangu?” Mtoto akibuni kwa kuona haya, mama atayachukua hata sokoni maneno asiyoyajua, na watu watadhani ni yake. Yampasa mtoto asome pole pole, herufi kwa herufi, aseme kweli. Neno lisilomwelea amwulize mtu mzima kabla fedha haijatolewa. Kwa maana aliyefundishwa kusoma amekuwa macho ya mama yake.