Chikanda: Kiazi Kisicho na Mkulima

Tunapoandika juu ya vyakula vya taifa letu, kalamu hukimbilia ugali, wali, ndizi na makande. Ni nadra kukitaja kiazi ambacho hakuna mkono wa mtu uliokipanda. Sisi tuliokulia katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Zambia, tunakijua kwa jina la chikanda. Ni kiazi kidogo cha okidi, yale maua ya porini yanayochanua katika mbuga za majani wakati wa masika.

Tulipokuwa wachunga ng'ombe, chikanda kilikuwa posho yetu. Tulichimba kwa kijiti, tukachoma viazi vitatu au vinne, tukaendelea na safari. Nyumbani, katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, kilisaidia kukijaza chungu. Lakini mapishi yenyewe, hatuna budi kukiri, wenzetu wa ng'ambo ya Tunduma wametuzidi. Wao huvianika viazi hata vikauke, kisha huvitwanga viwe unga. Huchemsha maji, wakatia unga huo pamoja na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi kidogo. Mpishi hukoroga bila kupumzika, kwani rojo huanza kuvutika na kuushika mwiko. Baadaye hufunika chungu, akaweka makaa juu ya kifuniko, chakula kiive juu na chini. Kikipoa huwa kigumu kama mkate, rangi ya kahawia, nacho hukatwa vipande. Mgeni akikionja gizani huapa kuwa amekula nyama.

Zamani kilikuwa chakula cha vijijini. Siku hizi kinauzwa katika masoko ya Lusaka, na mbuga za huko hazitoshelezi tena. Ndipo wanunuzi walipovuka mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake. Nje ya mipaka yake jembe linaendelea, na hatuwezi kumlaumu mama anayechimba ili apate ada ya shule ya mwanawe.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Chini ya shina la okidi hizi mna viazi viwili. Kimoja kimenyauka, kwa kuwa kimekwisha kulilisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, kimejaa, nacho ndicho mmea wa mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili. Mbegu nazo ni laini kama vumbi, wala haziwezi kuota porini bila msaada wa kuvu walio udongoni; kwa hiyo si rahisi kuzipanda shambani kama tupandavyo mahindi.

Sisi wenyewe, utotoni, tulikuwa na adabu yetu ya kuchimba. Tulikila kile kilichojaa, tukakirudisha shimoni kile kilichonyauka, tukakifukia vizuri kwa mguu, tukiamini kwamba tumeacha mbegu.