KITOVU CHA MTOTO KINA MISHIPA MIWILI, MKE AGEUZIWA KIBAO UKWENI!

Ukitaka kujua nani ni mtu wako, subiri ubebe mimba halafu daktari atamke neno msilolielewa.

Kuna dada mmoja wa mjini, mimba ya kwanza, wiki ya 20. Kaenda kupiga altrasaundi na hamu yake ya kujua ni wa kike au wa kiume, karudi na karatasi inayosema kitovu cha mtoto kina mishipa miwili ya damu badala ya mitatu. Weee! Kufika jioni karatasi iko kwenye grupu la WhatsApp la ukweni. Wifi mtu akasema ni zile suruali za kubana. Mama mkwe akamaliza kabisa: "Kwetu haya hayapo." Mume? Kimya, anaangalia mpira.

Ukweli ni huu, wadau. Kamba ya kitovu kwa kawaida ina mishipa mitatu. Mmoja unampelekea mtoto damu yenye chakula na hewa safi, miwili inarudisha iliyotumika kwenye kondo la nyuma. Kuna mimba ambazo mmoja kati ya hiyo ya kurudisha haupo, basi uliobaki unabeba kazi ya miwili. Hutokea kama mara moja kwenye mimba 100 hadi 200, na kwa mapacha ni zaidi. Siyo suruali, siyo mkosi, siyo ukoo wa mtu.

Ila siyo jambo la kupuuzia. Daktari huangalia vizuri moyo na figo za mtoto, halafu hufuatilia kama anakua inavyotakiwa. Kikionekana kingine, vipimo vinaongezwa. Kisipoonekana, wengi huzaliwa wazima tu.

Yule dada vipimo vya pili alisindikizwa na mama yake mdogo. Moyo safi, figo zote mbili zipo. Kajifungua salama, kilo 2 na nusu. Grupu lile lile likajaa hongera, na mama mkwe anasema mjukuu kafanana na upande wao. Pole haikutumwa na mtu hata mmoja.

Sasa amegoma kwenda kumpeleka mtoto ukweni. Mume anasema mkewe ana kinyongo, mke anasema waliomsema anawasamehe, aliyekaa kimya ndo bado.

Wadau, hapo nani ana haki?