Dar hadi Mbeya, Mchana Kweupe

Ndege ikiruka Dar es Salaam hutua Songwe, Mbeya, baada ya saa moja na nusu hivi. Angani ni kama kilomita 700. Kwa barabara ni zaidi ya 800, na basi linalotoka kituo cha Mbezi alfajiri huingia Mbeya jioni au giza limeshatanda, saa 12 hadi 14 baadaye. Kwa mgonjwa au mfiwa anayewahi maziko, Uwanja wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012 ni neema kubwa. Asiye na haraka, nasema bila kusita, apande basi, tena la mchana.

Hadi Morogoro ni foleni na joto, mpaka milima ya Uluguru ijitokeze kushoto. Utamu unaanzia Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, yenye matuta, na bango la faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Basi linapunguza mwendo, waliolala wanaamshwa: twiga hao, pundamilia hao, na ukibahatika, tembo. Wageni wanavuka bahari kuja kuona haya. Wewe umeyapata ndani ya nauli.

Halafu Bonde la Mibuyu. Mibuyu imetapakaa hadi juu vilimani, minene, na wakati wa kiangazi imebaki matawi matupu, huku Mto Ruaha Mkuu ukionekana na kupotea. Pale Ruaha Mbuyuni, gari halijasimama sawasawa, vitunguu vimeshafika dirishani.

Lakini moyo wa safari hii ni kupanda mlima Kitonga. Mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona zinazofuatana bila nafasi ya kupumua. Malori yanayokwenda Tunduma, na mengine hadi Zambia na Kongo, yanajikokota kwa gia ya chini kabisa. Dereva bora hapa ni yule anayekubali kukaa nyuma ya lori na kusubiri. Injini inanguruma, maongezi yanakatika, kila mtu anatazama chini kule tulikotoka. Kisha hewa inabadilika. Joto limebaki bondeni, madirisha yanaanza kufungwa mojamoja, umeshapanda Uheheni.

Kutoka hapo nchi inainuka na kupoa. Mji wa Iringa unaonekana juu ya kilima. Baada ya Mafinga misonobari ya Sao Hill inapanga mistari. Makambako upepo wake hauna huruma: ukishuka kuchimba dawa bila sweta, utajuta. Hapo ndipo barabara inapokutana na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, na viwili hivyo vinaandamana kuelekea Mbeya. Chini kidogo ni Usangu na mashamba ya mpunga, kisha Chimala, kisha kupanda tena hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa ndege, kupanda huko utakusikia masikioni tu. Kwa basi umekuona kwenye miti, kwenye mazao na kwenye mavazi ya watu wanaongoja magari kando ya barabara.

Kwa hiyo kama hujawahi, kata tiketi ya basi la alfajiri, omba kiti cha dirishani, na koti usiliweke kwenye buti. Kurudi, panda ndege ukitaka.