Kiinua Mgongo

Nilistaafu mwaka 2010 nikiwa na umri wa miaka 60. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka 1972, na katika miaka 38 ya kushika chaki, miaka 21 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi katika milima ya Usambara. Serikali ikanipa kiinua mgongo. Neno hili tunalitamka kila siku bila kulitafakari. Mtu amebeba mzigo mpaka ameinama. Siku anapoutua, hupewa kitu kidogo cha kumsaidia kusimama wima tena. Mimi kwa kiinua mgongo changu nilinunua gari, na gari hilo nusura liuvunje mgongo wa mke wangu. Kisa hicho ndicho ninachotaka kumsimulia msomaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na mzee asiyesimulia makosa yake huwaachia wajukuu hekima nusu.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover 109 ya zamani, niliyoinunua mnadani. Wapo walionicheka. Lakini kwa sisi wa milimani gari la aina hiyo halikuwa chombo cha usafiri tu. Ndilo lililomleta bwana afya na chanjo zake. Ndilo lililoleta karatasi za mtihani wa darasa la saba, zimefungwa kwa lakiri, huku watoto wakikimbia nyuma ya vumbi. Miaka yote hiyo nilisimama kando ya njia nikilipungia mkono gari la watu wengine. Nilipopata fedha zangu, moyo haukutaka kitu kingine.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na chuma kikabakia kwenye chesisi. Ndiyo maana hata leo utaona bodi ya gari hilo imebonyea kila upande lakini haijatoboka, ilhali chesisi iliyo chini yake inaliwa na kutu kutoka ndani. Langu lilikuwa la toleo la tatu, lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani sentimita 277 hivi. Springi zake, mbele na nyuma, ni za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Toleo la mwaka 1983 ndilo lililokuja na springi za koili.

Nililipeleka kwa fundi mmoja huko Mombo, mahali barabara ya kwenda Lushoto inapoachana na barabara kuu. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaniamkia, nami nikamtolea karatasi niliyokuwa nimeiandika kwa mwandiko wa ubaoni, imepigwa mistari kwa rula. Nilitaka gari linyanyuliwe sentimita 10. Nilitaka springi ziongezwe vyuma, tena vinene, kutoka kwenye lori bovu lililokuwa hapo gereji. Nilitaka bampa ya bomba, keria ya chuma ya kufunika paa lote, na mabenchi mawili nyuma, yanayotazamana.

Fundi aliisoma karatasi mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Gari hili litabeba nini?"

"Litabeba kila kitu," nikamjibu.

"Kila siku?"

Sikupenda swali lile. Nilimwambia afanye kama ilivyoandikwa. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ileile ambayo mtoto humjibu mwalimu anayemwogopa kuliko anavyomwelewa.

Springi ya namna hii ni kitu cha akili nyingi. Chuma kirefu kuliko vyote kina macho mawili mwishoni, na ndicho kinachoshikana na chesisi. Vingine hufuata, kila kimoja kifupi kuliko mwenzake. Gurudumu linapopanda jiwe, vyuma vyote hupinda pamoja na kusuguana, na msuguano huo huyatuliza mawimbi ambayo vinginevyo yangemrusha abiria. Ukiongeza chuma kimoja kama vile vilivyopo, ugumu huongezeka kidogo. Lakini ukikifanya chuma kiwe kinene mara mbili, huku urefu na upana wake vikibaki vilevile, ugumu wake hauongezeki mara mbili, bali mara nane. Hesabu ya mbili kwa mbili kwa mbili nilikuwa nimewafundisha mamia ya watoto. Siku ile, mbele ya lori bovu, sikuikumbuka.

Fundi alifanya kazi safi. Aliweka mipira mirefu ya breki ili isikatike baada ya gari kunyanyuliwa, akabadilisha shokapu, na akanionya kwamba viungo vya propela sasa vinapinda zaidi na vitakwisha upesi. Gari lilipotoka gereji lilisimama kama dume la nyati. Watu wa Mombo waligeuza shingo. Kusema kweli, nilijisikia kama siku ile ya kwanza nilipokabidhiwa funguo za ofisi ya mwalimu mkuu.

Lilipobeba mzigo, lilikuwa gari zuri ajabu. Majirani walinipa magunia ya kabichi, karoti na viazi niyateremshe Mombo, na likijaa lilitembea kwa utulivu. Shida ilikuwa kurudi. Likiwa tupu, zile springi zilikataa kupinda. Kila shimo lilipanda moja kwa moja kutoka kwenye tairi hadi kwenye uti wa mgongo. Nami mbele nina usukani wa kushika na sifa za kunifariji. Mke wangu hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa na maumivu ya mgongo tangu uzazi wake wa mwisho. Alianza kwa kuweka mto. Baadaye akaweka mito miwili. Kisha nikawa namsikia usiku akigeuka kitandani taratibu sana, kwa namna ya mtu asiyetaka mwenzake ajue.

Nami nilijua. Nilimwambia atazoea.

Siku moja, mwanzoni mwa mwaka 2012, tulikuwa tukiteremka kutoka Soni. Nyuma palikuwa na mzigo kidogo, lakini juu ya keria nilikuwa nimepanga magunia manane ya kabichi, kwa kuwa keria ipo na fahari ina njaa. Barabara ile inashuka kwa kona nyingi, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Katika kona mojawapo nilihisi upande mmoja wa gari umekuwa mwepesi. Sina neno bora kuliko hilo. Usukani ulikuwa mwepesi, sauti ya tairi ikapungua, na dirisha la mke wangu likawa linatazama bondeni zaidi kuliko linavyopaswa. Ilikuwa muda wa kupumua mara moja. Kisha gari likarudi chini kwa kishindo.

Nilisimamisha mbele kidogo. Magoti yalikuwa yakinicheza. Nilikuwa nimefundisha somo hilo pia: ukiinua kitovu cha uzito, kitu huanguka kwa mwinamo mdogo. Nilikuwa nikiwaonyesha watoto kwa chupa iliyojaa mchanga chini, na nyingine iliyobeba jiwe mdomoni. Na sasa nilikuwa nimemweka mama watoto ndani ya chupa yenye jiwe mdomoni.

Hakulia wala hakunigombeza. Alishuka, akachukua kikapu chake, akafunga khanga vizuri. Akasema, "Baba watoto, mimi nitapanda basi."

Nikamwambia gari ni letu, basi la nini? Akanijibu, "Gari ni lako. Hukuniuliza hata siku moja kama mimi nitakaa wapi."

Basi likaja, akapanda. Liliponipita alinipungia mkono dirishani, kwa heshima, kama mtu anayempungia mwalimu mkuu. Kwa miezi mitatu hakukanyaga gari langu. Alikwenda sokoni kwa basi, kanisani kwa miguu, hospitali kwa basi. Nilipompita njiani na gari langu refu tupu likirukaruka, nilitamani ardhi inimeze.

Katika miezi hiyo nilipata muda wa kutazama na mambo mengine. Niliona kwamba ukutani sebuleni nilikuwa nimebandika ratiba, saa za kuamka na saa za kula, kwa nyumba ya wazee wawili. Niliona kwamba wajukuu wakija likizo niliwapanga mstari asubuhi na kukagua kucha zao, nao wakawa wanakuja siku chache zaidi kila mwaka. Niliona kwamba nikiongea na mke wangu nilipaza sauti, kama vile kati yetu pana uwanja na watoto 600. Miaka 38 nilikuwa nimejiongezea vyuma, kimoja baada ya kingine, kwa sababu mzigo ulikuwapo: madarasa yenye watoto 90, madawati hayatoshi, wazazi wakali, wakaguzi. Ugumu ule haukuwa dhambi. Chini ya mzigo ule nilitembea vizuri, na pengine bila ugumu ule ningevunjika. Lakini mzigo ulikuwa umeshushwa mwaka 2010, na mimi nilikuwa bado na springi zangu za lori, nikimrusha kila aliyeketi karibu nami.

Nilirudi Mombo bila karatasi. Nikamwambia fundi, "Nieleze wewe, tufanye nini."

Alinitazama kidogo, labda akingoja niongeze amri. Kisha akalala chini ya gari, nami kwa mara ya kwanza nikalala kando yake kwenye gunia ili anionyeshe. Akasema, "Mwalimu, springi hailingani na mzigo mkubwa kuliko wote utakaobeba maishani. Inalingana na mzigo wa siku nyingi." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hivyo tangu mwanzo. Akacheka kwa aibu. "Nilikuuliza, Mwalimu. Ulinijibu."

Shuleni nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuwahi kufikiri yanayompata mkuu asiyesikia la mdogo.

Tulitoa vile vyuma vya lori, viwili kila upande wa nyuma. Tulirudisha gari chini, si lote, bali kiasi cha kupita mawe ya njia ya kwetu. Keria tuliikata, ikabaki nusu, ya kubebea vitu vyepesi tu. Benchi moja nyuma tuliling'oa. Chuma kimoja cha ziada kila upande, kinacholingana na vya asili, fundi alishauri tukiache, kwa kuwa kabichi za majirani zingekuwepo bado. Alisema kweli: nami sikugeuka kuwa sufi. Yako mambo ambayo mpaka leo nayasimamia kwa ugumu, na mke wangu hunivumilia nayo.

Nilipofika nyumbani nilibandua ratiba ukutani. Kisha nikamuuliza mke wangu kama angependa kulijaribu gari. Hakujibu siku ile. Baada ya juma moja alitoka na mto wake mkononi, akafungua mlango mwenyewe, akaketi. Tulikwenda mpaka Lushoto na kurudi, mwendo wa kobe. Karibu na nyumbani akautoa mto mgongoni, akauweka mapajani. Hakusema neno, nami kwa mara moja katika maisha yangu sikuomba maelezo.

Maumivu yake hayakuisha yote. Kuna jeraha ambalo toba hailirudishi nyuma, na hilo naliandika ili nisije nikajisifu kwa kutubu. Sasa nina miaka zaidi ya 70, na gari limepumzika chini ya mparachichi. Vile vyuma vinne nilimpelekea mhunzi, kwani chuma cha springi kikipata moto na nyundo hutoa panga na jembe zuri. Alinitengenezea majembe mawili. Moja ni la mke wangu, na hulisifu kwamba ni jepesi mkononi. La pili ni langu. Asubuhi hutangulia yeye kwenda shambani, nami humfuata, na tukifika humuuliza tuanzie wapi.